Anayelipa Ndiye Anayeuliza: Historia ya Fedha za Utafiti wa Maafa

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili wanaotaka kuandika tasnifu juu ya maafa huniuliza swali lilelile: fedha za utafiti zipo wapi? Wengi wao ni watumishi wa halmashauri na idara za serikali. Wanajua wanachotaka kukichunguza kwa kuwa wamekiona kazini; wanachokosa ni nauli, malazi na posho ya wasaidizi wa utafiti. Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa orodha ya mashirika na tarehe za mwisho za kutuma maombi. Orodha ina manufaa yake, lakini hubadilika kila bajeti za mataifa makubwa zinapobadilika. Mimi nataka kulijibu kwa historia, kwa sababu mtafiti asiyejua fedha za taaluma yake zilianzia wapi hataelewa kwa nini baadhi ya maswali yana wafadhili kumi na mengine, tena yanayogusa maisha ya watu wengi zaidi, hayana hata mmoja.

Tuanze Halifax, mji wa bandari mashariki mwa Kanada. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc, iliyosheheni baruti, iligongana na meli ya Kinorwe iitwayo Imo. Mlipuko uliofuata uliua watu wapatao 2,000 na kujeruhi maelfu. Kasisi aliyekuwa akihudumu katika mji huo, Samuel Henry Prince, alikwenda baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuandika tasnifu ya udaktari juu ya namna jamii ya Halifax ilivyobadilika baada ya msiba. Ilichapishwa mwaka 1920, na wanahistoria wengi wa taaluma hii huihesabu kuwa kazi ya kwanza ya sosholojia ya maafa. Kisha kimya. Kwa takriban miaka 30 hakuna kituo cha utafiti kilichojengwa juu ya msingi huo. Prince alikuwa na swali zuri, ila hapakuwa na mwenye fedha aliyekuwa na hofu ya kutosha kulilipia.

Hofu ilikuja mwaka 1949, Umoja wa Kisovyeti ulipojaribu bomu lake la kwanza la atomiki. Katika miaka hiyo, hadi 1954, idara ya silaha za kemikali ya Jeshi la Marekani ililipia mradi mkubwa katika kituo cha utafiti wa maoni kilichokuwa Chuo Kikuu cha Chicago. Swali la jeshi lilikuwa wazi: miji ya Marekani ikipigwa bomu, je, raia watashikwa na taharuki, watakimbia ovyo na kukanyagana, au wataweza kuongozwa? Kwa kuwa hapakuwa na vita vya nyuklia vya kuchunguza, watafiti walitumwa kwenye misiba ya wakati wa amani: vimbunga, milipuko, ajali za ndege. Kazi yao kubwa kuliko zote ilifanyika jimboni Arkansas, baada ya vimbunga vya Machi 1952.

Walichokikuta hakikulingana na hofu ya aliyelipa. Watu wengi hawakukimbia ovyo. Walitafuta watoto wao, kisha wa jirani. Walifukua vifusi kwa mikono na kupeleka majeruhi hospitali kwa magari yao wenyewe, kabla chombo chochote rasmi hakijafika. Kijana mmoja katika kundi hilo, Enrico Quarantelli, aliandika tasnifu ya uzamili juu ya taharuki na akajikuta akieleza jambo ambalo ni adimu sana kutokea. Tatizo lililojirudia halikuwa raia. Lilikuwa vyombo vilivyoshindwa kuwasiliana: hospitali moja imefurika, ya pili haina mgonjwa, barabara imezibwa na misaada ambayo hakuna aliyeiomba.

Watumishi wa umma wanaonisoma naomba wakae na sehemu hii kidogo. Jeshi lilinunua jibu ambalo halikulitarajia, na jibu hilo lina zaidi ya miaka 70. Hata hivyo, katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, tamko la kwanza la kiongozi anapofika eneo la ajali bado ni kuwataka wananchi wasogee mbali na kuviachia vyombo husika kazi.

Mwaka 1963 Quarantelli, pamoja na Russell Dynes na Eugene Haas, walianzisha Kituo cha Utafiti wa Maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Fedha za mwanzo zilitoka tena kwenye hofu ya vita, safari hii kupitia ofisi ya ulinzi wa raia na jeshi la anga. Baadaye mfuko wa taifa wa sayansi wa nchi hiyo ukachukua sehemu kubwa. Tetemeko kubwa la Alaska la tarehe 27 Machi 1964 lilipotokea, kituo hakikuwa na haja ya kuandika andiko la kuomba ruzuku, kilituma watu. Siri ya kituo hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba fedha hazikufungwa kwenye tukio moja. Zililipia ofisi ya kudumu, wanafunzi waliokwisha kufunzwa namna ya kuhoji, na maktaba ambayo kila ripoti ilirudi kukaa. Mwaka 1985 kituo kilihamia Chuo Kikuu cha Delaware, ambako kipo hadi leo. Kituo kingine, kilichoanzishwa na mwanajiografia Gilbert White mjini Boulder, Colorado, mwaka 1976, kilibuni utaratibu wa ruzuku ndogo za haraka: fedha za tiketi na malazi tu, zinazoidhinishwa mapema ili mtafiti afike kabla ushahidi haujafutika. Wanaotafuta fursa mara nyingi huota mamilioni. Sehemu kubwa ya maarifa tuliyonayo juu ya siku za kwanza za maafa imelipiwa na ruzuku ambazo zisingetosha kununua gari moja la ofisi.

Lakini fedha za Vita Baridi ziliacha alama nyingine, nayo si nzuri. Aliyelipa alikuwa akifikiria bomu, kwa hiyo maafa yakaelezwa kwa sura ya bomu: pigo la ghafla, kutoka nje, likiangukia jamii iliyokuwa imetulia. Ukiyaeleza maafa hivyo, tetemeko linaingia, kimbunga kinaingia, mlipuko unaingia. Ukame hauingii. Ukame hauna king'ora, hauna saa ya kutokea, na jamii unayoikuta mara nyingi haikuwa imetulia hata kidogo. Kwa maneno mengine, taaluma ilikuwa imekwisha kupata vitabu, vituo na maprofesa wake bila kuwa na nafasi ya janga linaloua na kufukarisha watu wengi zaidi katika sehemu yetu ya dunia.

Nafasi hiyo ilifunguliwa na wanajiografia, na ilifunguliwa kwa sehemu hapa kwetu. White alikuwa ameandika tasnifu yake juu ya mafuriko ya Marekani mwaka 1942, akitetea kwamba hasara ya mafuriko haipimwi kwa wingi wa maji pekee, bali kwa maamuzi ya watu na serikali juu ya wapi pa kujenga, nini cha kulima na nani wa kufidiwa. Katikati ya miaka ya 1960 yeye, mkewe Anne White na daktari David Bradley walichunguza matumizi ya maji ya nyumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, *Drawers of Water*, kilitoka mwaka 1972. Mwanafunzi wake wa zamani, Robert Kates, alikuja Dar es Salaam mwaka 1967 kuwa mkurugenzi wa kwanza wa ofisi ya tathmini ya rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi chake BRALUP, ambayo leo ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ofisini hapo Kates na wenzake walilichukulia jambo ambalo kila mkulima wa Dodoma analijua na kuligeuza kuwa swali la utafiti: mvua zisiponyesha, watu hufanya nini hasa? Walikwenda vijijini na kuuliza. Majibu yalikuwa marefu. Wengine hupanda mtama na uwele badala ya mahindi, wengine hugawa shamba na kupanda kwa vipindi, wengine hushuka mabondeni, huuza mbuzi, humtuma kijana mjini kutafuta kibarua, huomba kwa ndugu, huomba kwa Mungu. Huko mashariki mwa Kenya, Ben Wisner na Philip Mbithi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wakiuliza maswali ya jamii hiyo, wakitazama lishe na mali ya kaya. Mwaka 1976 Wisner, pamoja na Phil O'Keefe na Ken Westgate waliokuwa Chuo Kikuu cha Bradford, walichapisha makala fupi katika jarida la *Nature* wakidai kwamba maafa yanaongezeka kwa sababu umaskini unawasukuma watu mahali pa hatari, na kwamba neno "asili" katika "maafa ya asili" linaficha zaidi ya linavyoeleza. Leo hoja hiyo imo katika kila mwongozo wa Umoja wa Mataifa. Wanafunzi wangu huisoma wakidhani ilizaliwa Geneva. Sehemu ya mizizi yake imo katika udongo wa Ukambani na Tanzania ya kati.

Nasema haya kwa fahari, lakini pia kwa uchungu. Maswali yaliulizwa hapa; vitabu vilichapwa Chicago na New York. Watafiti wa kigeni walirudi kwao wakiwa na vyeo, na haki yao, kwa maana walifanya kazi. Waliobaki walibaki na ofisi ambayo mustakabali wake ulitegemea mradi unaofuata utalipiwa na nani. Mambo ya uchumi yalipoharibika miaka ya 1980, vyuo vyetu vikaingia katika maisha ya ushauri elekezi: mfadhili analeta hadidu za rejea, mhadhiri anaandika ripoti, ripoti inakabidhiwa, na swali linakufa siku malipo ya mwisho yanapotoka.

Rufiji ni mfano unaoumiza. Kwa vizazi vingi Warufiji walilima bondeni, wakitegemea mafuriko kuleta rutuba. Maji yalipopungua walipanda mazao ya mlau kwenye unyevu uliobaki, na wakati wa mafuriko walijihifadhi kwenye madungu, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ilianzisha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya juu. Nia ilikuwa njema, na shule na zahanati vilifuata. Lakini mashamba yalibaki bondeni, mbali na macho ya wenye nayo na karibu na nguruwe pori. Mafuriko yalitazamwa kama adui tu, ilhali kwa mkulima yalikuwa pia mbolea. Maarifa ya kulitofautisha furiko jema na furiko baya yalikuwepo, vichwani mwa watu. Hapakuwa na utaratibu wala fungu la kuyafikisha mezani kabla ya uamuzi. Aprili 2024 bonde hilo lilifurika tena, pamoja na Kibiti, na mabishano yakawa makali juu ya mvua za El Niño na juu ya Bwawa la Julius Nyerere. Mwezi huohuo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mafuriko na maporomoko ya msimu huo. Katika mabishano yale kila upande ulikuwa na msemaji. Ni wachache waliokuwa na takwimu za miaka 50 za kijiji kimoja cha bondeni, kwa sababu hakuna aliyewahi kulipia miaka 50.

Umoja wa Mataifa nao ulikuwa na miongo yake. Ulitangaza miaka ya 1990 hadi 1999 kuwa muongo wa kupunguza maafa, wazo lililotoka kwa wahandisi wa matetemeko, kisha zikafuata hati za Yokohama (1994), Hyogo (2005) na Sendai (2015). Hati ni nzuri. Fedha hazikuzifuata: katika misaada ya kimataifa ya mwaka 1991 hadi 2010, takriban dola bilioni 106.7 zilitengwa kwa ajili ya maafa, na kati ya hizo dola bilioni 13.5 tu ndizo zilizoelekezwa kwenye kupunguza hatari kabla ya tukio. Zilizobaki zilikwenda kwenye uokoaji, chakula, mahema na ujenzi upya. Mfadhili hupenda kupigwa picha akiwa na gunia la unga. Mfereji wa maji ya mvua ulioziba hauna mvuto kwenye picha.

Mahali tulipolipiwa swali letu kwa muda mrefu ni njaa. Baada ya njaa ya Ethiopia na Sudan ya 1984 na 1985, Marekani iliunda mtandao wa tahadhari ya mapema unaojulikana kwa kifupi FEWS NET. Kwa karibu miaka 40 uliunganisha picha za satelaiti, bei za sokoni na taarifa za mifugo, na kutangaza mapema wapi chakula kitapungua. Mashirika ya misaada yaliutegemea, watafiti wetu waliutegemea, na tasnifu nyingi za uzamili zina jedwali lililotoka humo. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na mtandao ukazimwa, tovuti na kumbukumbu zake vikatoweka kwa miezi kadhaa. Ulirudi kwa sehemu katikati ya mwaka. Shirika lililoulipia, USAID, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Shirika hilohilo ndilo lililokuwa limefadhili Periperi U, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika vinavyofundisha usimamizi wa hatari za maafa, wenye Ardhi, Makerere na Moi ndani yake, na makao yake Stellenbosch.

Sitaki kuelewaka kwamba nabeza fedha hizo. Zilisomesha watu, na wengine ni wenzangu. Ninachosema ni kwamba jicho tulilolitumia kuona njaa yetu ikija lilikuwa na swichi mbali nasi. Kenya ilikuwa imejihami kwa kiasi fulani. Baada ya ukame wa 2011 iliunda mamlaka yake ya taifa ya usimamizi wa ukame, ikaipa sheria mwaka 2016, na mamlaka hiyo hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame. Ilikuwa na matatizo ya bajeti, kama kila mamlaka ya serikali, lakini mfadhili wa nje alipoondoka bado palikuwa na mtu wa serikali Turkana mwenye wajibu wa kisheria wa kuhesabu mbuzi na kuuliza bei ya mahindi.

Yapo pia maswali ambayo hakuna mgeni atakayeyalipia kamwe, kwa sababu hayamo katika hofu zake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza; idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani hatua chache kabla ya uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi. Ziwa ni lilelile na miaka iliyopita kati ya misiba hiyo miwili ni 26. Tunajua nini leo, kwa utafiti na si kwa simulizi, juu ya wavuvi kama waokoaji? Wako wangapi katika kila mwalo wanaoweza kuzamia? Wana kamba, taa, namba ya simu ya kumpigia nani? Wanaelewana vipi na zimamoto na polisi wanamaji? Wale watafiti wa Chicago wangelitambua swali hili mara moja, maana ni lao: mwokoaji wa kwanza ni jirani, na kazi ya serikali ni kumkuta jirani huyo amekwisha kuandaliwa. Gharama yake ni nauli za mabasi na meli, miezi minne ya mwanafunzi wawili watatu, na mtumbwi wa kukodi.

Na sisi tuna pa kuzipata fedha hizo, kama tukiamua. Sheria ya kwanza ya Tanzania ya kuratibu misaada ya maafa ilikuwa ya 1990. Jina lake lenyewe lilitaja misaada. Sheria ya 2015 na iliyofuata ya 2022 zimehamia kwenye usimamizi wa maafa, na zimeweka mfuko wa taifa kwa kazi hiyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia nayo ina mfuko wake wa kuendeleza sayansi, MTUSATE, ulioanza mwaka 1995. Chuo Kikuu Ardhi kimefundisha usimamizi wa maafa kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kiungo: asilimia ndogo ya mfuko wa maafa, iliyotamkwa kwenye kanuni, iwe ya ruzuku za haraka kwa watafiti wa ndani, pamoja na kibali cha utafiti kinachotolewa kabla ya msimu wa mvua na si baada ya matope kukauka. Sharti la ruzuku liwe moja tu, kwamba kila daftari la mahojiano na kila jedwali vinarudi maktabani nchini, na ripoti ya kila tume ya uchunguzi wa ajali inawekwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuisoma.

Kwa wanafunzi ambao hawawezi kusubiri kanuni hiyo: ombeni fedha za nje zilizopo, na msione haya. Quarantelli alichukua fedha za jeshi. Lakini katika andiko lenu wekeni swali la mfadhili kwenye ukurasa wa kwanza na swali lenu kwenye dodoso. Kisha nendeni maktaba ya taasisi ile iliyokuwa BRALUP mkaombe karatasi za utafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya ukame. Vijiji vilivyohojiwa wakati ule bado vipo, na hakuna kinachomzuia mwanafunzi kurudi na dodoso lilelile.